Malengelenge Kwenye Jina la Owiti

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumatano moja pale Oyugis, mwanamke alipoingia karakanani kwetu amekumbatia kifuniko cha injini ya mashua jinsi mtu anavyombeba mtoto mgonjwa.

Nakuita mwanangu ingawa hatujapishana miaka mingi, na mvi zangu bado zinahesabika. Lakini Mzee Okelo aliyenifundisha kazi hii hayupo tena, na wewe umekuja na shahada mkononi kama nilivyokuja mimi. Nimekusikia wiki hii ukiwauliza mafundi kwa nini hili na kwa nini lile, nikajisikia mwenyewe. Basi nivumilie. Nitasema polepole, maana kuna mahali katika habari hii ambapo hata leo huwa nakwama.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesomea kemia, nimetuma barua za kazi hadi nikachoka kuzituma. Mzee Okelo alinichukua kwa sababu macho yake yalianza kumsumbua na alihitaji mtu wa kusoma vipimo vya tanuri. Mafundi wenzangu waliniita Profesa, na halikuwa jina la heshima. Nilibishana na kila kitu. Nilimbishia mhubiri aliyepita na kipaza sauti. Nilimbishia mama wa chai kuhusu tangawizi yake. Kama mtu alisema jambo limefanywa hivyo tangu zamani, kwangu hiyo ilikuwa sababu ya kutosha kulikataa.

Kazi yenyewe unaiona kila siku, lakini acha niieleze kama tulivyoifanya wakati ule. Mzee aliyeyusha alumini chakavu, akaimimina kwenye kalibu ya mchanga, akatoa vibao vya makanisa, vya shule, na zaidi ya vyote, vya makaburi. Kibao kikipoa tulikisugua ndani ya dizeli ili mchanga utoke. Halafu rangi ya unga. Unga mweupe unapuliziwa kibao kizima, unashikamana kwa nguvu ya umeme, kisha kibao kinaingia tanurini hadi unga uyeyuke na kuwa ngozi. Kikipoa, unapuliziwa unga mweusi juu ya ule mweupe. Kabla hakijarudi motoni, unazungushia kitambaa kwenye kipande cha ubao ulionyooka, unakipitisha juu ya herufi zilizoinuka, unga mweusi unafutika pale tu. Kikitoka mara ya pili, jina ni jeupe juu ya weusi, na hakuna mvua itakayolifuta. Hiyo ndiyo rangi mbili. Watu walikuja kutoka Kosele, kutoka Homa Bay, hata kutoka visiwani kwa ajili yake.

Mzee alikuwa na mazoea mawili kabla ya kupaka kibao cha kaburi. La kwanza, alikipitisha motoni kikiwa uchi, bila rangi, kwa muda mrefu na moto mkali kuliko rangi inavyotaka. La pili, kibao kikiwa humo ndani, alivua kofia, akasimama mbele ya mlango wa tanuri, akataja jina la marehemu na kuomba kidogo. Mimi nikayatia yote mawili katika kapu moja. Nikasema moyoni, hizi ni desturi za mzee, na gesi ndiyo inayoteketea. Sikuwahi kumwuliza sababu. Mimi niliyeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza, kwa sababu nilidhani jibu ninalo.

Basi yule mwanamke akaingia. Nikamwambia, "Mama, chuma chakavu kinapimwa pale nje."

"Hiki hakipimwi," akasema. "Hiki ni cha kuandika jina."

Mzee Okelo akainuka kwenye kigoda chake. "In nyar kanye?" Alimwuliza ni binti wa wapi, kama wazee wetu wanavyouliza.

"Nyar Suna, Mzee. Huko Migori. Lakini nimeolewa kisiwani Takawiri."

Kuanzia hapo tulimwita nyar Suna, na mpaka leo sijui jina jingine la kumwita. Alituambia kwamba mumewe, Owiti, alitoka na mashua asubuhi, na mashua ikaonekana baadaye imepinduka, injini imepasuka, naye hayumo. Walimtafuta hadi watu wakaacha kwenda. Ndipo wazee wakakubaliana kufanya kama inavyofanywa kwetu mtu akimezwa na ziwa na mwili usipatikane. Walichukua tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kama gogo, wakalilaza kaburini mahali pake, wakalilia, wakalifukia.

Nikamwuliza, na natamani ungekuwepo usikie sauti niliyoitumia, "Kwa hiyo mlizika tunda?"

Akanitazama. "Tulimzika Owiti."

"Profesa," Mzee akasema, "chukua hiki chuma ukipeleke ndani."

Nilikipeleka, lakini masikio niliyaacha pale. Nikasikia kilichomleta hasa. Shemeji yake, Ouko, tangu mwanzo alikataa kwamba ndugu yake amekufa. Alisema kuna mtu aliyemwona ng'ambo ya Tanzania. Alisema mke ndiye aliyeharakisha mazishi, na kwamba kumzika mtu aliye hai ni kuuita mkosi uingie nyumbani. Wazee walimshinda kwa maneno siku ile, lakini hakunyamaza. Yule mama alitaka kibao cha jina kilichotengenezwa kwa chuma cha injini ile ile, kiwekwe juu ya saruji ya kaburi mbele ya watu wote.

"Jina likikaa pale, Mzee, maneno yatakwisha," akasema. "Nitabaki kwa nyumba yangu na watoto wangu. Hicho tu."

Mzee alikimimina kibao yeye mwenyewe, na kilitoka vizuri. Lakini kabla ya rangi, maumivu ya tumbo yaliyokuwa yakimwandama yakamzidi, akapelekwa hospitali Homa Bay kwa upasuaji. Alipokuwa akiondoka alinishika mkono. "Usisahau kukipitisha moto kikiwa uchi."

"Sawa, Mzee," nikasema.

Sikukipitisha. Mtungi wa gesi ulikuwa unakaribia kwisha, kibao kilitakiwa Jumamosi, na kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ule ni moto wa maombi. Nikapuliza unga mweupe, nikaweka tanurini. Kilipotoka, juu ya herufi za jina kulikuwa na vipele vidogo, kama ngozi ya mtoto mwenye joto kali.

Sasa sikiliza kwa makini, mwanangu, kwa sababu hapa bado nilikuwa na nafasi. Chuma kilichomiminwa kina vitundu ambavyo jicho halivioni. Vitundu vile vilikuwa vimekunywa dizeli tuliyosugulia. Ule moto wa kwanza, wa chuma kikiwa uchi, ndio unaoifukuza dizeli na hewa iliyofichika kabla ngozi ya rangi haijawekwa. Ukiuruka, vinatafuta njia ya kutoka huku rangi imekwisha kuvifungia mlango. Kwamba hewa ikipata moto hutanuka, nilifundishwa mwaka wangu wa kwanza chuoni. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na nikapata alama zote.

Ningeweza kuikwangua rangi yote na kuanza upya. Lakini hilo lingekuwa kukubali kwamba mzee alikuwa sahihi. Nikapiga msasa vipele hadi vikalala, nikapuliza unga mweupe mzito zaidi, nikachoma tena. Kikatoka laini kama sahani. Nikaweka mweusi, nikafuta herufi, nikachoma. Kilikuwa kibao kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Nyar Suna alipokuja kukichukua alipitisha kidole juu ya kila herufi. "Ero kamano," akashukuru, akakifunga ndani ya leso. Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Mvua za masika zikaja, zikafuatwa na jua kali. Mzee alikuwa bado amelazwa, kidonda kimekataa kufunga. Asubuhi moja nyar Suna akarudi, amekonda, viatu vimejaa matope. Hakuketi. Alitoa simu akanionyesha picha.

Jina la Owiti lilikuwa limevimba. Malengelenge yalikuwa yameinuka juu ya herufi zote tano, na kutoka kwenye yale yaliyopasuka ulikuwa umetiririka mchirizi wa kahawia hadi chini ya kibao.

"Wanasema analia," akaniambia. "Ouko ameleta watu waone. Anasema Owiti analikataa kaburi kwa sababu yuko hai. Wengine wanasema nimemfanyia kitu. Wazee wamenipa siku chache za kujitetea, nikishindwa niondoke." Akaizima simu. "Fundi, niambie kama kuna kitu kiliharibika kwa kazi. Sitakasirika. Hata pesa siitaki. Niambie tu, niende niwaambie."

Mwanangu, nilikuwa natazama picha ile na nilijua. Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Ile kahawia ilikuwa dizeli. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, na halingenigharimu chochote ila aibu ya siku moja mbele ya mafundi walioniita Profesa.

Nikaanza kuongea kuhusu unyevu wa ziwa. Nikaongea kuhusu chumvi za saruji na jinsi zinavyoshambulia alumini. Nilitumia maneno ambayo nilijua hatayaelewa, na niliyatumia kwa sababu hiyo.

"Kwa hiyo si mkono wenu?" akauliza.

"Si sisi, mama."

"Basi niandikie. Niandikie karatasi kwamba ni ziwa. Wewe umesoma, watakusikia."

Nikaandika. Na kwa kuwa nilikuwa najilinda, maneno ya ziwa niliyaweka mwishoni, mstari mmoja, kwamba huenda mazingira yamechangia. Juu nikaandika kwa herufi nzuri kwamba kibao kilitengenezwa kwa kufuata taratibu zote na hakikuwa na kasoro yoyote kilipotoka karakanani. Nikapiga muhuri. Akaikunja barua kwa uangalifu, akaitia kifuani, akanishukuru.

Wiki mbili baadaye Mzee Okelo alitolewa hospitali. Alikuja karakanani siku iliyofuata, mwembamba, anatembea ameshika ukuta. Mtu wa visiwani aliyekuja kuchukua kibao cha kanisa ndiye aliyemweleza kuhusu jina lililovimba. Mzee hakupaza sauti. Aliniita nyuma, kwenye rundo la mchanga.

"Ulikipitisha moto kikiwa uchi?"

"Mzee, gesi ilikuwa..."

"Sijakuuliza gesi."

"Hapana."

"Alikuja hapa kukuuliza?"

"Alikuja."

"Ukamwambia?"

Nikamweleza kuhusu barua. Alinisikiliza hadi mwisho, akaketi chini, pale pale mchangani.

"Mimi nilidhani wewe unauliza sana kwa sababu unapenda ukweli," akasema. "Kumbe ulikuwa unapenda kushinda. Miaka yote hii unaniona nikichoma chuma kitupu, hukuniuliza hata mara moja. Ungeuliza ningekwambia: dizeli. Neno moja. Kuomba ni kwangu na Mungu wangu, hilo ungeweza kuliacha. Lakini dizeli, nyathina, mwanangu! Wewe mtu wa kemia!"

Kesho yake tulikwenda Takawiri, yeye na kidonda chake. Nilimsihi abaki. Akasema, "Nikuache uende peke yako ukaongee chumvi?"

Tulichelewa. Saruji ya kaburi ilikuwa imevunjwa na shimo limefukiwa ovyo. Nyumba ya nyar Suna ilikuwa na kufuli, naye alikuwa amerudishwa kwao Migori. Watoto wawili wa kike walikuwa wameketi kwa bibi yao, na yule mdogo aliuliza kama tumemleta mama.

Ouko alitupokea kwa adabu, akatuletea viti, akaita wazee watatu. Nikasimama nikasema yote. Nikasema kosa ni langu, nikaeleza moto, vitundu na dizeli. Mzee Okelo akaomba kibao. Kikaletwa kutoka nyuma ya zizi la mbuzi kilikokuwa kimetupwa. Akapasua lengelenge moja kwa kisu, akampa mzee aliyekuwa karibu anuse.

"Dizeli," yule mzee akasema. Akampa mwenzake. Kila mmoja akanusa.

Ndipo Ouko akaingiza mkono mfukoni, akatoa barua yangu. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. "Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Shemeji ndiye alituletea hii ajitetee. Nikaisoma mbele ya boma lote. Hakuna kasoro yoyote, fundi anasema. Kama chuma hakina kosa na rangi haina kosa, tukauliza, kosa liko wapi?" Akaikunja tena. "Sasa uliongopa siku ile au unaongopa leo?"

Mzee mkubwa kuliko wote akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kijana, tulikuamini kwa sababu umesoma. Huyo mama alikuwa akilia, wewe ulikuwa na muhuri. Sisi tungefanya nini? Tumeshatoa neno mbele ya watu, na kaburi limeshafunguliwa. Kaburi haliwezi kufunguliwa na kufungwa kila fundi akikumbuka."

Tukaondoka na kibao. Hakuna aliyetuzuia.

Nilikwenda Migori peke yangu. Nilimkuta nyar Suna kwa kaka yake, nje kidogo ya mji, ameketi ukumbini anamenya njugu. Nilipiga magoti, na hakuniambia niinuke. Nikasema niliyokuwa nimeyasema kisiwani. Alikuwa akiendelea kumenya, maganda yakidondoka kwenye sinia.

"Nilipokuonyesha simu," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Siku ile ile?"

"Ndiyo, mama."

"Nimekaa hapa nikimlaani Ouko," akasema. "Ouko ana wazimu wa ndugu yake, hajui kumlia. Wewe hukuwa na wazimu. Wewe ndiye umenifukuza."

Nikamwambia nitamtengenezea kibao kipya kwa mikono yangu, kwa njia iliyo sahihi, nami nitakwenda na kila mzee atakayetaka kunisikiliza. Nikamwambia nitaandika barua nyingine ya kukana ile ya kwanza.

"Hapana," akasema. "Usiniandikie kitu tena."

Mzee Okelo hakumaliza mwaka. Kile kidonda hakikupona vizuri, nami sijui safari ile ilikizidishia kiasi gani. Wazee wa kisiwani waliwaruhusu watoto kumtembelea mama yao wakati wa likizo. Hicho ndicho kilichopatikana, mwanangu, hakuna zaidi. Hakurudi kwenye nyumba ile. Owiti naye hajaonekana ng'ambo wala popote, na sasa hana hata mahali penye jina lake.

Kwa hiyo nasaha zangu ni hizi, na sitazipamba. Endelea kuuliza. Sitakuambia unyamaze, wala sitakuambia kila kitu cha wazee ni sahihi, kwa maana si kweli. Lakini ukiona mtu mwenye miaka yake kazini anafanya jambo usilolielewa, mwulize sababu kabla hujampa sababu ya kutoka kichwani mwako. Na ule ukali unaowageuzia wengine, ujigeuzie wewe kwanza: hivi ninajua, au ninajisikia vizuri tu?

Kosa la mkono utalifanya. Hakuna fundi ambaye hajalifanya, na rangi hukwanguliwa. Lakini siku atakapokuja mtu aliyeumia, akakuuliza kwa upole kama ni wewe, usimpe elimu yako. Mpe jibu. Mpe siku hiyo hiyo, akiwa bado amesimama mlangoni kwako, wakati jibu lingali na kazi ya kufanya. Mimi nilisema ukweli wote, kila neno, mbele ya wazee na mbele yake. Niliusema ukiwa umechelewa wiki mbili, na haukumrudishia hata ufunguo wa mlango wake.

Haya, inuka. Mungu ailinde mikono yako na moto na aulinde ulimi wako zaidi ya mikono. Akupe macho ya kuona kosa lako likiwa bado dogo, na kifua cha kulitaja likiwa lako peke yako. Na wote watakaoweka majina ya wapendwa wao mikononi mwako, wasijute kukufahamu.